Foleni ya Mama Lebo

Jina lake la nyumbani lipo, na kwenye kitambulisho limeandikwa, lakini pale hospitali ukilitaja watu watakuuliza unamtafuta nani. Sema Mama Lebo. Hata mlinzi wa getini atakunyooshea kidole mlango wa maabara kabla hujamaliza kusalimia.

Jina hilo amelitolea jasho. Aliajiriwa akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, kazi yake kuosha vichupa. Akaosha miaka minne. Siku moja mwandishi wa lebo akaenda likizo ya uzazi, naye akaambiwa ashike kalamu kwa muda tu, na kalamu hiyo hakuiachia kwa miaka kumi na tisa. Lebo ni kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kichupa cha damu kuonyesha damu ni ya nani na inapimwa nini. Kikikosewa hicho, mgonjwa wa sukari ataambiwa ni mzima, na mzima atapewa dawa ya sukari.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyemtoa humo hata kwa kumsukuma. Fomu ya mgonjwa inakaa juu ya rundo, mbele ya macho, mpaka lebo iandikwe, ikauke na ibandikwe. Ndipo fomu inaondolewa.

"Ukiiondoa mapema," alikuwa akisema, "halafu mtu akakuita, ukirudi utajuaje ulikuwa na nani mkononi?"

Kila asubuhi kabla hajafungua kalamu alifumba macho kidogo akasema, "Mungu, nishike mkono," kisha akaanza. Katika miaka yote hiyo hakurudishiwa lebo hata moja kwa kukosea jina. Hilo si la kutiwa chumvi. Wakuu watatu wa maabara wamepita pale, na wote walilikiri.

Wagonjwa wakaongezeka, mkono wa mtu mmoja ukashindwa. Hospitali ikaleta kompyuta na printa tatu ndogo za kutoa lebo, na programu ambayo fundi wake alikuja siku moja, akanywa chai, akaondoka, asionekane tena. Programu ikawa inagoma kila wiki. Mwingine angekaa pembeni akanuna, aseme wameniletea mashine wanifukuze. Mama Lebo alikwenda kuuliza maktaba ya mtaa ule kama kuna mahali mtu mzima anaweza kufundishwa kuandika programu. Kulikuwa na darasa la bure Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Akaingia na kompyuta ya zamani aliyoachiwa na binti yake alipoolewa, akakaa mstari wa mbele miongoni mwa vijana waliomwita mama.

Lugha waliyofundishwa inaitwa Python.

"Hilo si jina la chatu?" mumewe akauliza. Mumewe ni fundi saa, mtu mpole, mwenye utani wa kimyakimya. "Mama watoto, miaka yote hii ndani ya nyumba, leo unataka kufuga chatu?"

"Baba watoto, huyu hali kuku wako. Anakula usingizi wangu tu."

Akala usingizi huo mwaka mmoja na nusu. Mwishowe Mama Lebo akaandika programu yake mwenyewe, mstari kwa mstari, na Mkuu wa maabara akaikubali. Akampa cheo kipya kwa majaribio ya miezi mitatu: fundi wa programu za maabara. Mwanamke aliyeanza kwa kuosha vichupa! Siku hiyo alirudi nyumbani akapiga magoti kabla hata ya kuvua viatu.

Kazi ilikwenda hivi. Dirishani alikaa mwenzake mmoja ambaye wote walimwita Chonjo, kwa sababu hakuna kilichompita. Chonjo alipokea kichupa na fomu, akaingiza namba ya mgonjwa kwenye kompyuta. Namba ikaingia kwenye foleni ndani ya programu. Upande wa pili wa foleni, Mama Lebo aliweka watendaji watatu, kila mmoja na printa yake. Hawa si watu, ni vipande vya programu vinavyokwenda kwa wakati mmoja. Wenye fani huviita nyuzi. Kila uzi unachukua namba iliyo mbele, unatoa lebo, unarudi kwenye foleni kuchukua nyingine. Ikawa asubuhi yenye wagonjwa mia mbili inamalizika kabla ya saa nne.

Wiki ya tatu, lebo ya mzee mmoja ikatoka mara mbili, kwenye printa mbili tofauti. Na mgonjwa mwingine akakosa lebo kabisa, kichupa chake kikakaa kwenye trei kama yatima mpaka damu ikaharibika. Baada ya siku mbili, ikatokea tena. Safari hii aliyekosa lebo alikuwa mtoto mchanga. Ikabidi atobolewe mkono mara ya pili, na mama yake akalia pale dirishani kwa sauti, akaandika barua ya malalamiko.

Mkuu hakuhitaji kufikiri sana. Mmoja kaingizwa mara mbili, mwingine hakuingizwa: hayo ni makosa ya aliyekaa dirishani.

"Nimeingiza kila mmoja mara moja," Chonjo alisema. "Naapa."

"Kompyuta haiapi, wala haichoki," Mkuu akajibu.

Programu haikuwa na kumbukumbu ya kilichoingizwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumtetea. Jumatatu iliyofuata Chonjo akapelekwa stoo kuhesabu glavu, dirishani akawekwa mtu mwingine. Akaambiwa baada ya wiki tatu ataitwa kikaoni, na kama hatakuwa na maelezo, kazi ndiyo basi. Ana miaka kumi na minne pale. Nyumbani ana mama mzazi asiyeinuka kitandani.

Jumatatu hiyohiyo, Mama Lebo naye aliongeza jambo dogo kwenye programu yake. Alitaka kujiridhisha tu. Akaweka mistari minne inayomlazimisha kila mtendaji, kabla hajagusa foleni, aandike kwenye skrini: mimi wa kwanza nakwenda kuchukua, mimi wa pili nakwenda kuchukua. Akaangalia siku nzima. Hakuna kosa. Akaangalia wiki nzima. Hakuna. Wiki ya pili, hakuna.

"Mnaona?" Mkuu akasema mbele ya watu. "Tumemtoa dirishani, ugonjwa umepona."

Mama Lebo alitikisa kichwa, akarudi kwenye printa zake. Alipopita stoo Chonjo alimwita.

"Shoga, hata wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi sema."

"Niseme nini, mwenzangu? Sina ushahidi."

"Haya," Chonjo alisema, akirudi kwenye maboksi yake. "Mia tatu na kumi na mbili za mkono wa kushoto. Utani wenyewe huo, glavu za hospitali hazina kushoto wala kulia."

Ijumaa ya wiki ya tatu, Mkuu akapita nyuma ya kiti cha Mama Lebo akaona maandishi yanakimbia kwenye skrini.

"Hivi vitu vya nini? Vinatia watu kizunguzungu. Viondoe, Jumatatu kuna kikao humu."

Akaviondoa saa tano. Saa sita na robo, lebo moja ikatoka mara mbili. Saa saba, nyingine. Na dirishani hakuwepo Chonjo.

Mama Lebo akavuta kibodi. Aliirudisha mistari yake minne upesi, kwa ajili ya wagonjwa, na mambo yakatulia palepale. Printa zikaendelea kutoa lebo, kr, kr, kr, hakuna aliyejua chochote. Na hapo ndipo jaribu lilipomkalia begani. Angeweza kuiacha mistari ile ibaki, aifiche isionekane kwenye skrini. Kosa lisingerudi kwa muda mrefu, pengine kwa miaka. Cheo chake kingethibitishwa mwezi ujao. Na Chonjo angeondoka na mkoba wake, na watu wangesema maskini.

Jioni alimsimulia mumewe.

Mumewe akaweka chini saa aliyokuwa akiitazama. "Nimewahi kupata saa ya namna hiyo. Ukiifungua inakwenda. Ukiifunga inasimama. Wateja wananiambia fundi, si ilikuwa inatembea hapa mezani!"

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na mawili. Nimrudishie mtu saa isiyo na kifuniko, au nitafute kinachogusana humo ndani." Akamtazama. "Wewe umeshaamua, mama watoto. Unataka tu nikuandalie chai ya kwenda nayo."

Jumamosi alikwenda maabara peke yake, chupa ya chai mkononi. Aliomba, kisha akaondoa mistari minne. Akatengeneza wagonjwa elfu tatu wa kubuni, namba moja mpaka elfu tatu, akawamimina kwenye foleni wote, akawaachia wale watendaji watatu. Badala ya kuchapa lebo, waliandika namba tu kwenye faili. Programu ilipomaliza, akahesabu. Kumi na moja zimetoka mara mbili. Kumi na moja hazikutoka kabisa.

Akaziandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake ule mzuri, mbili mbili. Iliyorudiwa: mia nne na sita. Iliyopotea: mia nne na saba. Iliyorudiwa: tisini. Iliyopotea: tisini na moja. Akashuka hivyo mpaka chini, kisha akarudi juu akazisoma tena. Kila iliyopotea ilikuwa jirani wa iliyorudiwa, anayemfuata nyuma.

Akafungua programu yake, akaisoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Ilikuwa imeandikwa hivi: tazama aliye mbele, toa lebo yake, ikishatoka, muondoe aliye mbele. Utaratibu wake wa miaka kumi na tisa! Fomu haiondoki mpaka lebo ibandikwe. Alikuwa amewafundisha watendaji wake uangalifu wake wote, na uangalifu huo ulikuwa wa mtu mmoja mwenye rundo moja. Hawa walikuwa watatu. Wa kwanza anamtazama aliye mbele. Ni kufumba na kufumbua, lakini mara chache, kabla hajamuondoa, wa pili naye anamtazama huyohuyo. Wote wawili wanatoa lebo ileile. Kisha wa kwanza anaondoa aliye mbele, sawa. Wa pili naye anaondoa aliye mbele, lakini aliye mbele sasa ni jirani, ambaye hakuna aliyemtazama. Huyo ameshapotea.

Na mistari minne? Skrini ni moja. Kila mtendaji alisubiri mwenzake amalize kuandika ndipo naye aandike, kwa hiyo walifika kwenye foleni mmoja mmoja, kama watu wanaopishana mlango mwembamba. Hawakugongana kwa sababu walicheleweshwa. Dawa haikuwepo.

Alikunywa chai yake ikiwa imepoa kabisa.

Jumatatu saa tatu, kikaoni walikuwepo Mkuu, Matroni wa hospitali, na Chonjo amevaa gauni lake zuri kama anayekwenda kuaga. Mama Lebo akagonga, akaingia bila kuitwa.

"Kosa ni langu," alisema akiwa bado amesimama. "Chonjo aliingiza kila mgonjwa mara moja. Programu yangu ndiyo iliyorudia na kupoteza."

Mkuu akavua miwani. "Mama, unajua unachosema? Jina lako liko mezani kwangu kwenda kuthibitishwa."

"Najua, Mkuu. Lirudisheni mkitaka. Lakini huyu msimguse."

"Lakini tulipomtoa yeye, makosa yaliisha."

"Yaliisha kwa sababu nyingine, na Ijumaa yamerudi yeye akiwa stoo. Naomba dakika tano na fomu kumi."

Matroni, mama mnene asiyependa maneno mengi, akasema, "Mpe."

Mama Lebo akaweka rundo la fomu katikati ya meza. Akampa Mkuu kalamu, akampa Chonjo kalamu. "Ninyi ni watendaji wangu. Tazama fomu ya juu, andika namba yake kwenye karatasi yako, ukimaliza ondoa fomu ya juu, weka pembeni. Kila mtu kwa kasi yake, hakuna kuongea. Haya!"

Wakainama wote wawili. Mkuu aliandika kwa madaha kama anayesaini hati, Chonjo aliandika harakaharaka. Chonjo akaondoa fomu. Mkuu akamaliza, akanyoosha mkono, naye akaondoa fomu.

"Simameni. Mkuu, umeandika nani?"

"Namba kumi na saba."

"Chonjo?"

"Kumi na saba."

"Na Mkuu, umeondoa nani?"

Mkuu akageuza fomu aliyoishika. "Kumi na nane," alisema.

"Nani kaandika kumi na nane?"

Wakatazama karatasi zao mbili. Haikuwepo.

"Kumbe Mkuu ndiye aliyempoteza yule mtoto," Chonjo alisema, na Matroni akacheka mpaka meza ikatikisika.

"Sasa turudie," Mama Lebo akasema. "Safari hii, kabla ya kuandika chochote, chukua fomu mkononi mwako. Ukishaishika ni yako, mwenzako haioni tena. Andika, maliza, ndipo useme nimemaliza."

Walirudia fomu zote nane zilizobaki. Mikono iligongana mara mbili juu ya rundo, lakini fomu moja haiwezi kushikwa na wawili. Mmoja aliipata, mwingine akachukua inayofuata. Hakuna iliyorudiwa, hakuna iliyopotea. Matroni mwenyewe ndiye aliyehesabu.

"Je, umeme ukikatika fomu iko mkononi mwa mtu?" aliuliza. "Si ndicho ulichokuwa unaogopa, wewe na utaratibu wako?"

Mama Lebo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kila anayechukua anaandika kwenye daftari: nimemshika fulani. Akimaliza anaweka alama. Umeme ukirudi, tunasoma daftari. Na kila anayeingizwa dirishani ataandikwa humo pia, asije mtu akasingiziwa tena. Python yenyewe ina foleni ya namna hii, imeshatengenezwa na wenye akili: ukisema nipe, inakupa na kuondoa kwa pigo moja, hakuna anayeweza kujipenyeza katikati. Mimi nilijitengenezea orodha ya kawaida kwa sababu niliona utaratibu wangu unatosha."

Mkuu akaweka kalamu chini. Kisha akaivuta barua ya kumwachisha kazi Chonjo, iliyokuwa tayari mezani, akaichana mara nne, polepole.

"Nimekukosea," alimwambia.

Chonjo akasogeza kiti. Alimgeukia Mama Lebo, macho yamejaa.

"Wiki tatu nimehesabu glavu kwa ajili yako."

"Wiki tatu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nisikusamehe ili nikupeleke wapi?" Akapangusa machozi kwa kiganja. "Ungeweza kunyamaza, wewe. Mimi ningeondoka na nisingejua mpaka kaburini." Kisha akamgeukia Mkuu. "Nawe nimekusikia. Nitakusamehe nikishakaa kwenye kiti changu."

Matroni akainuka, akakusanya fomu za mezani. "Mafundi wengi wameleta mashine humu," alisema. "Zikiharibika wanasema ni umeme, ni vumbi, ni wauguzi. Huyu ni wa kwanza kuja mwenyewe akasema ni mimi. Mkuu, lile jina liende leo. Na andika kwamba nimesema mimi."

Mchana ule Mama Lebo aliandika upya sehemu ya foleni, na Chonjo alikaa kiti cha pembeni kama hakimu. Walimwaga wagonjwa elfu tatu wa kubuni bila ile mistari minne. Zilizorudiwa, sifuri. Zilizopotea, sifuri.

"Tena," Chonjo akasema.

Sifuri, sifuri.

"Ongeza watendaji. Weka kumi, wasukumane."

Akaweka kumi. Sifuri, sifuri. Chonjo akataka elfu thelathini, wakasubiri, wakahesabu. Sifuri. Mama Lebo akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, na Chonjo akanyamaza kumpisha amalize kushukuru.

Asubuhi ya Jumanne foleni ya watu ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Mama Lebo alisimama nyuma, karibu na printa zake tatu, mikono kifuani, mabega yamenyooka kama ya askari wa gwaride. Chonjo alikuja na gauni lake la kazi lililopigwa pasi, akamwinua taratibu aliyekuwa amekaa dirishani, akavuta kiti, akakunja mikono ya gauni. Akafungua kioo.

"Haya jamani, nimerudi," aliwaambia. "Nani wa kwanza?"